Ujamaa upi, Somoe?

Lindi

Dada Somoe,

Asalaam aleikum. Mama na watoto hawajambo? Huku sote wazima. Barua yako Hadija kanifikishia jana, nami najibu upesi kabla ya mjadala wako wa Jumamosi, kwa sababu swali ulilowapangia wanafunzi linanitia wasiwasi. "Je, ujamaa ulishindwa?" Ujamaa upi? Kila mmoja atatetea wake, na kipindi kitaisha hawajakutana popote.

Anza na miaka. Mwaka 1962 Nyerere aliuweka ujamaa moyoni: milionea aweza kuwa mjamaa na fukara akawa na moyo wa kibepari, maana kinachopimwa ni nia. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likapima mali. Benki zikataifishwa, na kiongozi mwenye nyumba moja tu ya kupangisha akawa amevunja masharti, hata moyo wake uwe safi vipi. Hapo kaa nao sana. Mwanafunzi wako Chikoti atadai ni jambo lilelile kwa maneno mengine. Usimkubalie, kipimo chenyewe kimebadilika.

Halafu likaja suala la makazi. Septemba 1967 kijiji cha ujamaa, yaani cha kuishi na kulima kwa pamoja, kilitakiwa kiwe cha hiari. Novemba 1973 kuhamia vijijini kukawa amri. Lakini sheria ya 1975 ilitofautisha kijiji cha kawaida, chenye kaya zisizopungua 250, na kijiji cha ujamaa. Wengi huviita vyote ujamaa, ndipo utasikia mtu analaumu wazo la 1962 kwa malori yaliyowahamisha watu kwa nguvu mwaka 1974.

Nakili vifungu vitatu vya maandishi ya miaka hiyo, ficha mwaka, uwaulize: hapa nani aweza kuitwa mjamaa, na nani anampima? Wakikwama, kifungu ni kifupi mno. Waongezee aya inayotangulia. Kamusi waiache, haina tarehe. Ukipata kinyago cha ujamaa cha Kimakonde, kiweke mezani: gogo moja la mpingo, watu wamepandana, mguu wa huyu begani kwa yule. Wanabebana au wanakandamizana? Watabishana vizuri sana hapo.

Na Ibara ya 3 ya Katiba, inayosema bado nchi yetu ni ya kijamaa, umewapa? Azimio la Zanzibar la 1991 lilipolegeza masharti ya viongozi, unadhani lilifuta masharti tu au na wazo lenyewe? Mzee Nandonde atakuja? Nani atashika upande wa 1967? Nijibu kabla ya Ijumaa, nikutumie vifungu vyenyewe.

Wako,
Zuhura