Fundi wa seva aache orodha ya sheria za fayawoli

Mhariri, naomba nafasi niseme na mafundi wanaofunga seva kwenye maofisi na mashule yetu. Mtu anakuja, anafunga mashine, anakwambia bosi fayawoli, ule ukuta wa kuzuia wavamizi wa mtandao, nimewasha usiwe na wasi, anachukua hela yake anasepa, na wewe uliyeachiwa hujui poti ipi, yaani mlango upi wa mtandao kwenye mashine, iko wazi na ipi imefungwa. Hiyo siyo kazi jamani.

Kuiuliza seva yenyewe wala siyo kitu kigumu. Kwenye Ubuntu, aina ya mfumo wa Linux, unaandika sudo ufw status numbered (ufw ndo programu yake ya kusimamia fayawoli), inakuletea sheria na namba zake, na hizo namba zina uzito kwa sababu zinasomwa toka juu kushuka, ya kwanza inayolingana ndo inaamua. Shida wengi wanaishia hapo. Kama seva ina Docker, programu inayoendesha programu nyingine ndani ya vifurushi vinavyoitwa kontena, yenyewe inaandika sheria zake moja kwa moja kwenye iptables, orodha ya sheria za fayawoli ya Linux yenyewe, na poti iliyoifungulia kontena inapita bila kuigusa ufw, yaani ufw inakuonyesha umefunga kila kitu kumbe databesi ya wateja iko nje kila mtu anaigongea. Kuliona hilo lazima uangalie na jedwali la nat, lile la kuelekeza miunganisho kwingine, sudo iptables -t nat -L -n -v, maana -L peke yake inatoa jedwali la filter, lile la kuruhusu na kuzuia, basi.

Na hiyo -v msiiache kabisa. Bila hiyo utakutana na mstari ACCEPT all anywhere anywhere, yaani ruhusu kila kitu toka popote kwenda popote, presha inapanda unaona seva iko uchi, ukiweka -v ndo inatokea safu ya in imeandikwa lo, kwamba ni mashine inaongea na yenyewe tu. Pia inahesabu pakiti, vile vipande vya data vinavyopita, sheria ya kuzuia ikisoma sifuri muda wote chungulia kama kuna nyingine juu yake inayoruhusu kwanza. IPv6, zile anwani za mtandao za kizazi kipya, nayo ina orodha yake, ip6tables, inasahaulika mno, ila kwenye mifumo mipya amri ya nft list ruleset inakupa vyote kwa mpigo.

Ombi langu fundi akimaliza aandike amri hizo mbele ya mteja, aprinti majibu, asaini aache ofisini. Na nyie kwenye ukurasa wenu wa teknolojia mzichape, pamoja na ya Windows, netsh advfirewall firewall show rule name=all, ili na sisi wateja tuweze kuhakiki wenyewe.

Msomaji wenu, Mbeya