Jina la mwenye kupima maji nalo liandikwe

Muhariri, salamu kutoka Ibanda, Bukavu.

Nilikuwa naogopa kuandika juu mimi ni asista tu, msaidizi wa kufundisha chuo kikuu, lakini wiki iliyopita mwanafunzi mmoja alinifuata nje ya oditwari akaniuliza, asista, nikisomea hidrolojia, hii elimu ya maji ya mito na maziwa, nitakula nini? Nilikosa jibu. Tangu ile siku sina amani, ndiyo maana nawaandikia.

Watu hawajue hii kazi. Saa kumi na mbili asubuhi unashuka mtoni, matope mpaka kwa magoti, unasoma eshele, ile mbao yenye namba imesimamishwa ndani ya maji, unaandika sentimita kwenye kaye, ni kusema daftari, jioni unarudi tena. Mvua ikinyesha njo unapaswa kukimbia kule, juu mto ukijaa njo kipimo kiko na faida zaidi, na ile saa watu wote wanakimbilia nyumbani. Kipimo cha siku moja hakisemi kitu. Ikifika miaka 20 ao 30 njo unajua daraja lijengwe na urefu gani, na wapi mtu asiweke nyumba. Siku uliyoruka imepotea, hakuna pa kuirudilia.

Tarehe 4 Mei 2023, kule Kalehe, Bushushu na Nyamukubi, maji na mawe vilishuka toka mlimani, vikabeba watu zaidi ya 400. Mvua hatuwezi kuizuia. Lakini kama kule juu mlimani kungekuwa na mtu analipwa kuangalia mvua kila siku, na simu mkononi, mimi naamini kuna watoto wangekuwa hai leo.

Sasa njia yetu kwenye karatasi ni hivi: asista mandat ya kwanza, mandat ya pili, shefu de travo, kisha doktora, halafu unaitwa profesere. Kwa kweli wengi wetu ni wale wanaitwa NU (Nouvelles Unités, wafanyakazi wapya), unafundisha, unasahihisha ma-egzame, lakini kwenye listi ya mishahara ya Leta, ni kusema serikali, haumo, unangoja mekanizasio, yaani kuingizwa kwenye ile listi, mwaka baada ya mwaka. Na doktora ya maji inaomba labo na bursi, pesa ya kusomea, hauwezi kuifanya na kitabu peke yake. Asiyepata bursi anafikisha miaka 10 angali asista, ana watoto, mwishoe anaacha mto anaenda kuuza krediti ya simu. Simlaumu.

Mimi mwenyewe nilifanyia mradi mmoja kutoka nje, miezi 14, naingia ziwani na mtumbwi mbele jua haijatoka, nachota maji kwenye chupa, naweka namba, naweka barafu. Chupa zilipanda ndege. Makala ilipotoka nilitafuta jina langu kati ya wenye kuandika, sikuliona, nikalikuta mwisho kabisa kwenye shukrani, tena wameliandika vibaya. Wapiga kasia hawakutajwa hata kidogo, na bila wao hakuna chupa.

Goma wanajua neno mazuku, vile vishimo kaboni dioksidi inatulia chini, mbuzi akiingia hatoki. Ile neno ni letu, na leo wanasayansi wa dunia yote wanaiandika vilevile, mazuku, bila kutafsiri. Neno letu limefika kwenye ma-revi yao, yale majarida ya sayansi, ila majina ya vijana wetu bado.

Na hili ziwa Kivu si la mchezo. Kina chake kinakaribia mita 485, na kule chini kuna karibu kilometa za ujazo 60 za metani na 300 za kaboni dioksidi. Ziwa Nyos la Kamerun ni dogo sana mbele ya hili, lakini mwaka 1986 gesi yake ilitoka usiku ikaua watu karibu 1,700. Wageni wametufundisha mengi, nawashukuru, lakini mgeni anakuja wiki tatu anarudi kwao. Wa kuliangalia ziwa kila wiki miaka 30 ni mtu anayelala hapa.

Kwa hiyo naomba Leta iwamekanize hawa vijana. Na wenye miradi, mkataba useme toka mwanzo nani ataandika makala pamoja nanyi, na vipimo vyote kopi ibaki hapa. Tena msomaji wa eshele alipwe hata mradi ukiisha. Kuna mzee mmoja mradi wake uliisha, akaendelea kusoma eshele miezi saba bila hata franka moja, kisha akaniletea kaye yake. Iko kwenye meza yangu, imelowa pembeni, mistari imenyooka, ukurasa wa mwisho ni wa Novemba. Aliniambia, mwanangu, nimechoka.

Jumatatu mimi na yule mwanafunzi tunashuka mtoni, tuendelee kwenye kaye ileile.

Asista wa hidrolojia, Bukavu