Kwa Vijana wa Maringo Wanaotaka Kujitolea na Kaunti

Wanangu,

Jumamosi iliyopita mlinikuta kwa kinyozi, mko kumi na mmoja, na mmoja wenu akaniuliza: "Mzee, tunataka kujitolea na kaunti. Tuanzie wapi?" Nikasema nitawajibu. Mliondoka mmenuna kidogo, mkidhani nimewakwepa. La. Wembe ulikuwa karibu na sikio langu, na swali lenu si la kujibiwa huku mtu amekushika kichwa. Nimelijibu kwa barua, na barua nimeiacha wazi kwa sababu si nyinyi peke yenu mnaoliuliza.

Wengi wenu mnanijua kama mzee wa nyumba ya kona. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa Baraza la Jiji la Nairobi. Nyinyi mkisikia "kanju" mnawaza askari wakifukuza akina mama wa mboga, lakini kanju tulikuwa sisi pia, watu wa mafaili na mihuri. Nilikuwepo madiwani walipoondolewa mwaka 1983 na jiji likapewa tume, nikawepo waliporudi mwaka 1992. Nilistaafu mwaka 2013, mwaka uleule baraza lilipozikwa na kaunti ikazaliwa. Tangu hapo nimejitolea hapa kwenye wadi yetu, na miaka mitatu ya kwanza sikumfaa mtu yeyote. Acheni niwaeleze nilivyopoteza miaka hiyo, msije mkaipoteza nyinyi.

Mnaujua ule mtaro unaopita nyuma ya nyumba za upande wetu. Mvua za masika zikianza, maji yanatoka mtaroni yanaingia jikoni mwa watu. Basi kukatangazwa mkutano wa umma kutoa maoni ya bajeti, nikaenda ukumbini na koti langu la ofisini. Nilisimama nikaongea dakika nane nzima. Nilinukuu Katiba. Watu wakapiga makofi, mama mmoja akapiga kigelegele. Nilipomaliza, ofisa aliyekuwa akiandika, msichana wa umri wa kitinda mimba wangu, akaniuliza kwa adabu: "Mzee, huo mtaro una urefu gani? Unaanzia wapi na kuishia wapi? Maji huingia nyumba ngapi?"

Sikuwa na jibu. Mimi, niliyezoea kurudisha barua za watu kwa kukosa namba ya kumbukumbu! Akaandika neno moja tu: "mitaro". Nililiona mwenyewe karatasini, limekaa na maneno mengine ya wadi nyingine, mitaro, barabara, taa, taka, kama orodha ya sokoni isiyo na kilo wala bei.

Nikarudi nyumbani nimekasirika, nikamsimulia marehemu mke wangu. Alikuwa mjitoleaji wa afya ya jamii kwa miaka tisa, wakati ambapo kazi hiyo haikuwa na posho, akizunguka nyumba kwa nyumba na mkoba begani. Hakunifariji. Alitoa daftari lake mkobani akaliweka mezani, akaenda zake kuchemsha chai. Nililifungua. Kila ukurasa nyumba moja: mama mjamzito yuko mwezi wa ngapi, mtoto amekosa chanjo ipi, mzee anakohoa tangu tarehe gani, ametumwa zahanati siku gani, amekwenda au hakwenda. Pale ofisini tulikuwa na makabati matatu ya mafaili, na hakuna lililokuwa limenyooka kama daftari lile.

Kwa hiyo jibu langu kwenu ni hilo. Anzeni na daftari. Fulana ya wajitoleaji itafuata, kama ni lazima ifuate.

Mwaka uliofuata nilichukua kamba, nikaifunga fundo kila baada ya mita moja, tukapima mtaro mimi na mjukuu wangu: mita 140. Nyumba zinazoingiwa na maji, 23. Tarehe za mafuriko ya msimu ule, nne. Mifuniko iliyoibwa, sita. Mkutanoni nilizungumza dakika mbili, nikakabidhi nakala, nikaketi. Hakuna aliyepiga makofi. Lakini safari hiyo kilichoandikwa kilikuwa mtaro huo, na mahali pake, na urefu wake. Mwaka huo ulizibuliwa na kipande kimoja kikajengwa upya. Kipande kingine bado, mnakiona. Ninaendelea kukiandika.

Sasa, mlango ni upi? Hapa ndipo vijana wengi hupoteza nauli. Mkiona chifu, mnaona serikali, na mkiona mheshimiwa mwakilishi wadi, mnaona serikali ileile. Si ileile. Chifu na naibu wake wako chini ya serikali ya taifa, na kadhalika polisi na shule za msingi na za upili. Kaunti ina taka, soko, zahanati, chekechea, mitaro, barabara za mtaani, taa, zimamoto, hata makaburi. Nairobi imegawanywa kaunti ndogo 17 na wadi 85, na kila wadi ina msimamizi wake. Huyo msimamizi wa wadi, ambaye wengi wenu hamjui hata ofisi yake iko wapi, ndiye wa kuonana naye kwanza. Mwakilishi wadi mwoneni pia, kwa heshima zote, lakini yeye amechaguliwa na anaweza kwenda na uchaguzi. Msimamizi ni mwajiriwa.

Mkienda, msiende kumi na mmoja. Nendeni watatu, na barua ya ukurasa mmoja: sisi ni nani, tunaishi wapi, tunataka kufanya nini, siku gani, kwa muda gani, na tunaomba nini. Ombi la siku ya kwanza lisiwe pesa. Ombeni sepetu na glavu, ombeni lori lije kuchukua taka mtakazokusanya, ombeni ruhusa. Hilo la lori msilisahau. Nimeona vijana wakizoa taka asubuhi nzima, magunia arobaini yakapangwa vizuri kando ya barabara, lori halikuitwa na mtu, na kufikia Jumatano mbwa walikuwa wamezirudisha zilikotoka.

Barua iwe nakala mbili, na ile yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nawaambia kama mtu aliyekaa upande wa pili wa dirisha lile: barua isiyo na muhuri ni rahisi kusahaulika.

Mkitaka kuwa kikundi kinachotambulika, kiandikisheni kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii. Sheria ya mwaka 2022 ya vikundi vya jamii inataka watu wasiopungua kumi, na nyinyi mmeshatimia. Katiba ya kikundi, kumbukumbu za kikao, orodha ya wanachama, basi. Lakini msikae mwaka mzima mkigombania nani awe mwekahazina wa hazina isiyo na kitu.

Kuhusu bajeti nitarefusha kidogo, mnivumilie. Juni 2024 niliwaona nyinyi, watoto ambao tulidhani simu ni ya michezo tu, mkiusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, mkiutafsiri kwa lugha za nyumbani ili mama zenu waelewe. Mkaandamana, na mswada ukaondolewa. Wengine hawakurudi nyumbani, na siandiki hili kwa wepesi. Nataka tu kuwauliza: mnajua kwamba kaunti nayo ina mswada wake wa fedha? Ada za kuegesha gari, leseni ya duka, ada ya meza ya sokoni, zote zimo humo. Siku ya kuujadili, ukumbini mara nyingi tunakuwa wazee watano na mtu aliyeingia kujikinga jua.

Shida ni kalenda. Watu huamka Mei au Juni, wakati maji yameshamwagika. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kufikia Septemba 1 kaunti inatakiwa iwe imepeleka kwenye bunge la kaunti mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata, na humo ndimo mtaro wenu unapoingia au kuachwa. Februari 28 ni mwisho wa kuwasilisha waraka wa mkakati wa fedha, unaoonyesha idara gani itapata kiasi gani. Aprili 30 ni mwisho wa kuwasilisha makadirio yenyewe. Sasa piga hesabu: anayetaka mita zake 140 zionekane kwenye bajeti ya mwaka ujao, daftari lake liwe limejaa kabla ya Agosti kwisha. Katiba, kifungu cha 196, inalilazimisha bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Haisemi itawaamsha kitandani.

Na mkinyimwa habari? Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba, na ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Narudia, kwa Kiswahili, kwa sababu nimeona watu wazima wakiacha kuandika eti Kiingereza chao si kizuri. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Mimi niliwahi kuandikia ofisi moja nikauliza mulika mwizi wetu, ile taa ndefu ya mtaani, ungetengenezwa lini. Siku ya kumi na tisa walinijibu. Jibu halikunipendeza, lakini lilikuwa na tarehe, nami nikalibandika kwenye daftari.

Mtauliza, kwani kujitolea ni mikutano tu? Hapana, na kama miguu yenu inawasha, kazi ipo. Maktaba za kaunti za Kaloleni na Makadara ziko mwendo wa miguu kutoka hapa, ni matawi ya ile ya McMillan ya mwaka 1931 kule katikati ya jiji. Nendeni mkaulize kama wanahitaji mtu wa kuwasomea watoto Jumamosi. Miti nayo. Novemba 13, 2023 nchi nzima ilipewa sikukuu ya kupanda miti, tukapanda, tukapigwa picha. Januari jua lilipokuja, aliyekumbuka kubeba mtungi wa maji nadhani mnamkisia kwa idadi ya miti iliyobaki. Mkipanda, andikeni zamu za kumwagilia kabla ya kuchimba shimo.

Wale mnaovutwa na kazi ya mke wangu, mambo yamebadilika. Tangu Septemba 2023 kuna wahamasishaji wa afya ya jamii laki moja nchi nzima, kila mmoja akihudumia kaya kama mia moja. Walipewa mkoba wa vifaa na simu, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi ilipangwa, nusu ya taifa na nusu ya kaunti. Si mshahara, na msiitegemee kulipa kodi ya nyumba. Huchaguliwa na wakazi wenyewe barazani, kwa hiyo anayetaka nafasi hiyo aanze kwa kujulikana na majirani zake. Na tafadhali: habari za mgonjwa hazitoki nje ya daftari. Mke wangu alikufa na siri za mtaa huu wote.

Kuna jambo moja linaloniudhi hadi leo. Mwaka mmoja tulialikwa usafi na kikundi tusichokijua vizuri. Tukapewa fulana nyeupe, tukazoa taka tangu saa mbili. Saa tano likaja gari, akashuka mtu, akashika reki, akapigwa picha, akaondoka. Wiki mbili baadaye sura yangu ilikuwa kwenye bango la kampeni, nimesimama nyuma yake kama mfuasi. Sikuwahi hata kumpigia kura. Siku hizi nikialikwa huuliza maswali mawili kabla ya kuvaa kitu: nani amenunua fulana, na wiki ijayo mtarudi? La pili ndilo linalowashinda wengi.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika kujitolea nimeona kinyume chake: mtu anashika jembe siku ya kwanza, anatokwa na jasho, siku ya tatu amekuwa mgeni. Wale mliokuja kuchota tope majumbani mwa watu baada ya mafuriko ya 2024, mkumbuke mlikuwa wangapi siku ya kwanza, na siku ya nne mlibaki wangapi. Mimi nilihesabu, na sitawataja. Ndiyo maana siwaombi mfanye mengi. Chagueni kitu kimoja, mtaro au taa moja au watoto wa benchi moja la maktaba, mkiandike kila wiki kwa mwaka mzima, hata wiki ambayo hakuna kilichotokea. Andikeni "hakuna kilichotokea", na tarehe. Ofisa akiuliza lori la taka limekosa kuja mara ngapi, ukurasa huo ndio utakaojibu.

Ajira ikipatikana humo, tutashukuru. Lakini aliyekuja kwa ajira asituambie amekuja kujitolea, maana ataondoka na hasira na atawavunja moyo wenzake. Aseme ukweli, tumsaidie kutafuta kazi kwa njia yake.

Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, nitakuwa kwenye mdomo wa mtaro, upande wa juu. Kamba yangu yenye mafundo bado ipo. Kila mmoja aje na daftari lake, la jalada gumu, maana la kawaida haliwezi mvua. Kalamu msinunue. Ninayo boksi zima niliyoondoka nayo kazini mwaka 2013, na naomba hilo lisifike City Hall.

Mzee wenu wa nyumba ya kona,
Maringo, Nairobi