Usanifu wa miaka ya 1990 si Bilbao na Kuala Lumpur pekee

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu majengo yaliyobadili usanifu wa dunia mwishoni mwa karne ya 20. Mmeyataja makumbusho ya Guggenheim ya Bilbao, Hispania (1997) na minara ya Petronas ya Kuala Lumpur, Malaysia, yenye urefu wa mita 452, na yanastahili. Lakini jengo la Eastgate la Harare, lililofunguliwa mwaka 1996, halikupata hata mstari mmoja. Hilo limenisikitisha.

Msanifu wake, Mick Pearce, alijifunza namna ya kupitisha hewa kutokana na vichuguu vya mchwa. Usiku, feni huvuta hewa baridi na kuipitisha kwenye nafasi zilizo chini ya sakafu za zege. Zege hupoa, na mchana hewa inayopita humo huingia ofisini ikiwa imepoa. Hewa yenye joto hupanda na kutokea kwenye madohani ya paani. Jengo zima la ofisi na maduka, bila mfumo wa kawaida wa viyoyozi! Kwangu hayo ni mapinduzi makubwa kuliko titani, ile metali inayometameta kwenye kuta za Guggenheim.

Ni kweli Dar es Salaam ina unyevunyevu na usiku wake haupoi kama wa Harare, hivyo kuiga moja kwa moja hakutafaa. Ila halmashauri zetu zingeweza kumtaka kila anayeomba kibali cha kujenga ghorofa aonyeshe kwenye michoro namna jengo litakavyopata kivuli na upepo, kabla hajafikiria viyoyozi. Nanyi wahojini wasanifu wa Afrika, ambao kazi zao tunaishi ndani yake.

Msomaji,
Dar es Salaam