Mashine ya soda imegoma kufunguka: kagua haya kabla ya kuita drili

Tukipigiwa simu kuhusu mashine za kuuza soda na vitafunio, mara nyingi mteja huwa ameshaamua dawa: "Fundi, njoo na drili." Ana ufunguo wake wa elektroniki mkononi, anabonyeza, taa inamulika, mlango umekaa vilevile. Tunamwomba atupe dakika chache kabla ya kuutoboa mlango huo, kwa kuwa kitasa cha infraredi, yaani kinachofunguliwa kwa mwanga usioonekana unaotoka kwenye ufunguo huo, kikigoma, mara nyingi chenyewe ni kizima. Ama hakipati stima, ama hakiuoni ufunguo, ama kinauona lakini hakiutambui. Kila hali ina tiba yake, na drili haimo.

Wapo wateja wanaotuuliza kama tunaweza kuving'oa vitasa hivi tuwarudishie vile vya zamani, kwa hiyo tueleze vilikuja kwa nini. Kwa miaka mingi mashine hizi, hasa zinazotoka Marekani, zilifungwa kwa kitasa cha duara. Ufunguo wake ni kibomba kifupi chenye mikato ukingoni, na ndani ya kitasa kuna pini, kwa kawaida 7, zilizopangwa mviringo. Mwaka 2004 habari zilienea kwamba kufuli za baiskeli za Kryptonite zenye muundo huo zinafunguka kwa ganda la kalamu ya Bic, na kampuni ikalazimika kuwabadilishia wateja. Si kila kitasa cha duara ni dhaifu kiasi hicho. Vipo imara, na bado tunavifunga. Ila kwa mfanyabiashara tatizo kubwa lilikuwa ufunguo wenyewe. Mwenye mashine thelathini hawezi kumbebesha dereva funguo thelathini, kwa hiyo zote huwekewa ufunguo mmoja. Dereva akiupoteza, au akiacha kazi akaondoka nao, vitasa vyote thelathini vinataka kubadilishwa. Na pesa zikipungua, huna namna ya kujua nani alifungua mlango upi Jumapili usiku.

Kitasa cha infraredi kinajibu hayo yote mawili. Ufunguo wake hautoshei kwenye tundu lolote. Unauelekeza kwenye kidirisha kidogo cheusi mlangoni, unabonyeza, unatuma mwanga usioonekana kwa macho, kama rimoti ya televisheni inavyofanya. Mwanga huo unawaka na kuzima kwa kasi, na mpangilio wa kuwaka na kuzima ndio unaobeba namba ya siri. Kitasa kikiikubali, mota ndogo nyuma ya mlango inavuta komeo, nawe unazungusha mpini. Aina nyingi huandika kwenye kumbukumbu ni ufunguo gani uliofungua na saa ngapi. Ufunguo ukipotea unafutwa, kitasa kinabaki palepale.

Sasa turudi kwenye mlango uliogoma. Anza na stima. Vitasa vingi vya aina hii hula umeme wa mashine yenyewe, kwa hiyo mashine ikizima, kitasa nacho kimezima. Sikiliza kama friji inanguruma, tazama kama kioo cha bei kinawaka. Mashine zilizoletwa kutoka Marekani zimetengenezwa kwa volti 120, na hapa Kenya tunatumia 240, kwa hiyo huwa zimechomekwa kwenye transfoma. Transfoma ikiungua, au mfagiaji akiichomoa ili achomeke mashine yake ya kupigia sakafu deki, mwenye mashine hukimbilia kulaumu kitasa. Baadhi ya vitasa vina vituo viwili vya chuma kwa nje ambapo unagusisha betri ya volti 9, kitasa kinapata nguvu ya kufungua mara moja. Uliza kama chako ni cha aina hiyo kabla hujapatwa na shida.

Stima ikiwa ipo, jaribu ufunguo. Taa inayomulika kwenye ufunguo inakuambia kwamba umebonyeza tu. Haikuambii kwamba mwanga wenyewe wa infraredi umetoka. Chukua simu, fungua kamera ya mbele, elekeza ncha ya ufunguo kwenye kamera kisha ubonyeze. Kwenye simu nyingi utaona nukta ya weupe au zambarau ikimetameta kwenye skrini, ingawa kwa macho huoni kitu. Ijaribishe kamera hiyo kwanza kwa rimoti ya televisheni, maana simu nyingine huchuja mwanga huu. Rimoti ikionekana na ufunguo usionekane, badilisha betri. Hata nukta hafifu ni dalili ya betri iliyochoka.

Kisha tazama kidirisha. Tumekuta kimefunikwa na stika ya tangazo, kimepakwa rangi pamoja na mlango mzima, kimeganda soda iliyokauka ikashika vumbi. Kitambaa chenye maji kidogo kinatosha. Usitumie petroli wala thina, plastiki yake itafifia na hapo kweli utatuita. Mashine iliyo nje, kwenye kituo cha mafuta kwa mfano, ina adui mwingine, nalo ni jua. Mwanga wa jua umejaa infraredi, na ukipiga moja kwa moja kwenye kidirisha unaweza kumeza ule wa ufunguo. Kinga kwa kiganja, sogeza ufunguo karibu, bonyeza tena.

Ukisikia mota inalia ndani lakini mlango hauachii, kitasa kimekuelewa. Kilichokwama ni komeo, kwa sababu mpira wa mlango unalisukuma nje au mashine imekaa upande kwenye sakafu isiyo sawa. Bonyeza mlango kwa nguvu karibu na mpini kwa mkono mmoja huku mwenzako akibonyeza ufunguo. Mlango ukifunguka kwa namna hiyo, tuite tuurekebishe, kwa sababu kila ukilazimisha unaila mota.

Linabaki la ufunguo usiotambuliwa. Funguo nyingi huwekewa mipaka: siku kadhaa, saa za kazi, idadi ya kufungua. Dereva akirudi kutoka likizo anaweza kukuta ufunguo wake umeisha muda, na unahitaji tu kuhuishwa ofisini. Ufunguo mpya nao lazima ufundishwe kwa kitasa, na kibonyezo cha kufundishia kiko ndani ya mlango. Hapo ndipo watu hunaswa. Wanatumia ufunguo mmoja, unapotea, na kibonyezo kiko upande wa pili wa chuma. Fundisha funguo mbili siku ileile mlango uko wazi, ya pili ikae kwenye sefu wala si kwenye gari la dereva yuleyule. Na ukinunua mashine ya mtumba, futa funguo zote za mwenye zamani kabla hujaweka hata soda moja. Jambo hili linatuhuzunisha kila tunapolikuta. Mtu amelipa pesa nzuri kwa kitasa cha kisasa, na asiyemjua bado ana ufunguo wake.

Kutoboa tunatoboa, pale kitasa kimekufa kabisa au funguo zote zimepotea. Lakini nyuma ya mlango kuna nyaya, bodi ya vibonyezo na kisanduku cha pesa, na tundu likipigwa kwa kubahatisha hasara yake inapita bei ya kitasa. Kwa hiyo kabla ya kuja tutakuuliza kama friji inanguruma, taa ya kitasa ina rangi gani, mota inasikika au haisikiki. Tutumie picha ya mpini na kidirisha. Pia uwe na risiti ya mashine, au barua ya mwenye jengo inayokutambua, pamoja na kitambulisho chako. Bila karatasi hizo hatufungui mlango wowote, hata wa mteja tunayemfahamu kwa sura.