Mwanangu, barua ile usimpe Afande

Mwanangu mpendwa,

Mama yako ameniambia juzi, tena kwa kuchelewa, kwamba ulifungua sanduku la bati ukachukua nakala ya barua niliyomwandikia Afande mwaka 1995, eti Jumatatu ukifika Dodoma umwonyeshe, akukumbuke kwenye kazi. Wewe ni mtu mzima, na digrii yako hukubebwa na mtu. Barua hiyo usimpe.

Simchukii. Alipogombea ubunge, mwaka ule wa vyama vingi, aliniandikia "Ndugu yangu mpendwa", yeye ambaye jeshini alikuwa akiniita "wewe mgambo". Akaomba nieleze kwa mkono wangu jinsi alivyotupanga Lukaya, kule Uganda kwenye vita vya Amin, usiku ule wa makombora. Nikajaza kurasa mbili: alisimama katikati ya barabara, hakuinama hata kidogo. Ikasomwa mkutanoni, watu wakapiga makofi.

Umeisoma vizuri lakini, mama? Barabara ya Lukaya inapita kwenye kinamasi. Usiku wa tarehe 10 Machi 1979 brigedi yetu ya 201, wengi wetu mgambo tuliotolewa shambani juzijuzi, ilitawanyika. Mtu aliye ndani ya mafunjo, maji kiunoni, bunduki kaiinua juu ya kichwa isilowe, ataonaje nani kasimama barabarani? Kesho yake tulipojikusanya tulimkuta, tukarudi kupigana naye. Hilo nalisema popote. La usiku usiniulize, na yeye usimuulize mbele za watu.

Alipopata kiti aliniandikia mara mbili, karatasi ina nembo. Madai yangu yamepokelewa, yanashughulikiwa. Nikampelekea na senene, kopo zima la Kimbo. Sijui nilikuwa namlipa nini.

Kwa hiyo nenda na vyeti vyako. Ukikutana naye mwamkie, mwambie baba yupo, basi. Siku hizi mna haraka ya kujulikana na wakubwa. Hilo sikukufundisha mimi, au labda nilikufundisha. Barua, hapana.

Huku mnyauko umeingia kwenye migomba ya upande wa choo, tumeng'oa mashina kumi na mawili na panga tunalichoma moto kila tukikata. Chama cha ushirika hakijamaliza malipo ya kahawa. Goti la mama yako linamsumbua asubuhi, mchana analisahau. Ile simu uliyotuachia haishiki chaji, inasemekana niliiangusha.

Baba yako mdogo anayekuletea hii anarudi na meli ya keshokutwa. Barua ile itie kwenye bahasha umpe yeye, uibandike gundi, asiisome njiani, unamjua. Nitaipokea mwenyewe bandarini.

Senene mwaka huu ni wachache. Mama yako amekukaangia kopo moja, lipo kwenye mfuko huohuo chini ya kanga. Ni la kwako wewe.

Baba yako.