Waliofiwa waachiwe faragha yao

Mhariri,

Januari 2019, magaidi waliposhambulia jengo la DusitD2 jijini Nairobi na kuua watu 21, gazeti la New York Times lilichapisha picha ya maiti walioinamia meza za mkahawa, na Wakenya wengi wakapaza sauti iondolewe, huku Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya nalo likidai hivyo rasmi. Niliunga mkono kilio kile, na ningali nakiunga mkono.

Lakini sisi wenyewe, ajali inapotokea barabarani, huwaelekezea vinasa sauti akina mama waliotoka punde kutambua miili ya watoto wao, na baadhi ya jamaa hupata habari ya kifo kwa picha iliyosambazwa kabla ya yeyote kuwapigia simu. Mwanamke anayejigaragaza nje ya chumba cha maiti hawezi kuhesabiwa kuwa ameridhia kupigwa picha kwa sababu tu hakukataa. Huenda hata hakuiona kamera. Nawasihi wapigapicha wenu wasimame mbali, wamwendee kwanza mzee wa familia au jamaa aliyetulia, wampe pole kabla ya kuuliza lolote, na wakikataliwa waondoke.

Msomaji wenu,
Nakuru